Kona ya Kunywesha Gari

Kuna mwaka ambao pikapu yetu ilikunywa maji mengi kuliko ng'ombe. Hapo sijatia chumvi, ingawa napenda kutia chumvi. Ng'ombe alikunywa ndoo yake asubuhi na nyingine jioni, akalamba pua, akaridhika. Pikapu ilikunywa kabla ya kuondoka, ikanywa njiani, ikanywa ikifika nyumbani, na bado ikipanda mlima ilitoa mvuke kama sufuria ya makande.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, magari ya mitumba yalipoanza kuingia nchini. Zamani kidogo tu, kule kwetu Machame, ukisikia muungurumo wa injini unapanda unajua ni bosi wa ushirika au mfanyabiashara kutoka mjini. Halafu ghafla kila ukoo ukawa na kijana aliyejua mtu anayejua meli inayotoka Dubai. Yetu ilikuja nyeupe, ya dizeli, ina vibandiko vya Kijapani kwenye kioo ambavyo hakuna aliyethubutu kuvibandua. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi Sanya Juu, aliipanda mara moja kwenye mteremko wa kwetu, akatazama bonde lililokuwa upande wa kushoto, akashuka akanikabidhi ufunguo. Tangu siku hiyo dereva nikawa mimi. Nilifurahi mpaka usiku ule sikulala, na sioni aibu kusema.

Kazi ya pikapu ilikuwa majani. Mtu wa pwani anaweza kucheka, lakini kwetu ng'ombe haendi malishoni. Anakaa bandani ndani ya kihamba, shamba la nyumbani, katikati ya migomba na mibuni, na chakula chake kinafuatwa chini tambarare, kwenye joto, ambako kuna mabua ya mahindi na majani marefu. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake tangu hapo, na gari lao lilikuwa shingo. Mwanamke anashuka mikono mitupu, anakata, anafunga mzigo mrefu kuliko yeye, anaweka ngata kichwani, anapanda.

Mama mkwe wangu alikuwa amepanda hivyo maisha yake yote ya ndoa. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye maneno makali na macho ya kucheka, na shingo yake ilikuwa imekwisha. Ilifika mahali akitaka kumtazama mtu wa kushoto anageuza mwili mzima. Daktari alimwambia asibebe tena kitu kichwani, hata ndoo. Yeye akamjibu kwamba amemwelewa vizuri sana, tatizo ni kwamba ng'ombe hajui daktari ni nani. Tulinunua gari kwa sababu ya shingo ile. Na gari ndilo lililokuwa linachemka.

Nitaeleza siku niliyofedheheka kuliko zote. Nilikuwa nimetoka tambarare na mzigo wa mabua uliopita juu ya kibanda cha dereva, na matita mengine ya majani nimeyafunga mbele, kwenye bampa, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo na tamaa ilikuwa kubwa. Katikati ya mpando mshale wa joto ulipanda mpaka ukagonga ukuta. Nikasimama, nikafungua boneti, nikarukiwa na mvuke mkononi. Nikiwa nimekaa kwenye jiwe napulizia mkono, nikaona mzigo wa majani unakuja taratibu barabarani, na chini ya mzigo kulikuwa na mama mkwe. Alikuwa ameteremka kwa siri alfajiri, baada ya kuona gari limetuangusha juma zima. Alinipita. Hakusimama, kwa sababu mwenye mzigo hasimami kwenye mpando. Alisema tu kwa sauti ya kawaida kwamba nikifika nitakuta chai.

Jioni ile alisema neno lake mbele ya mume wangu na mimi. Kama pikapu haitaweza kulisha ng'ombe kiangazi kile, yeye atarudi kwenye kazi yake. Mume wangu akataja kuuza ng'ombe. Mama akamtazama kama mtu aliyependekeza kuuza jiko. Nilijua atabeba kweli, na nilijua shingo ile haitavuka kiangazi kingine chini ya mzigo. Nilikasirika na ile pikapu kama vile ni mtu. Sisi wawili, mimi na ile injini, tulikuwa na tabia moja ya kuchemka upesi, na labda ndiyo maana nilishindwa kuikatia tamaa.

Sasa niseme kuhusu kona. Njiani, palipokuwa na mwinuko mkali kuliko yote, mfongo wetu ulikatiza barabara kwenye karavati. Kwa asiyejua, mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu, unaoleta maji kutoka kwenye mto ulio juu msituni mpaka mashambani. Kila gari lililopanda lilisimama pale. Madereva walikuwa wameacha ndoo na kopo la rangi, mali ya wote. Tulipaita kona ya kunywesha. Unafungua kifuniko kwa kitambaa, unaruka nyuma, unangoja hasira zishuke, unachota, unamimina. Tulifanya hivyo kwa fahari kabisa, maana maji yale ni ya mlima. Yametoka kwenye theluji. Mtoto akiwa na homa anaoshwa kwa maji yale, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa kwa maji yale, mgeni kutoka Dar anapewa glasi anatikisa kichwa kwa utamu. Injini ya Kijapani ingeomba nini zaidi?

Tulipozoea kunywesha, tukaona kunywesha ndiyo tiba. Gari likizidi kuchemka, tunazidi kulinywesha.

Baada ya mama mkwe kunipita kwa miguu nikaona nimefika mwisho. Nikaipeleka pikapu Moshi mjini, kwa fundi mmoja mzee, Singasinga, ambaye karakana yake ilikuwa upande wa kuelekea Pasua. Familia yao ilikuwa pale tangu babu yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha Moshi kabisa, na akitaka kupunguziwa bei ya ndizi aliongeza Kichagga. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akazunguka gari. Akavuta bua lililokuwa limenasa mbele. Akavuta lingine. Akaendelea kuvuta mpaka miguuni pake pakawa na chakula cha mbuzi mmoja.

Kisha akaifungua rejeta, akaibandua kifuniko cha juu kwa moto, akaniita. Kwa anayeiona rejeta kwa nje tu, ndani yake kuna vijia vyembamba vingi ambamo maji ya moto kutoka kwenye injini hupita yakipigwa upepo, yakapoa, yakarudi. Mimi nilitarajia kuona vijia. Niliona udongo. Udongo wa kahawia, laini, umeganda kama ugali wa jana.

"Mama," akasema, "hii ni rejeta au jaruba la mpunga? Maji unachota wapi?"

Nikamjibu kwa kichwa juu kwamba ni maji ya mfongo, maji ya theluji, hana haja ya kuyatilia shaka.

"Umewahi kufika yanakotoka?"

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Kwa sababu sikuwahi kufika, na siyo kosa langu. Kwa mila zetu mwanamke haendi kwenye banio, pale mto unapozibwa ili maji yaingie mfongoni. Wazee walisema akienda maji yatakatika. Nimezaliwa na kukulia kando ya maji yale, nimeyabeba, nimeyapikia, na sijawahi kuona yanakoanzia. Lakini sikuwa tayari kumweleza hayo mtu aliyetukana maji ya kwetu kwa kuyafananisha na jaruba. Nikamwambia fundi kwamba maji ya bomba ya mjini ndiyo machafu, nikachukua kikapu changu, nikaondoka nikaiacha rejeta imelala wazi juu ya meza yake.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu, nikitegemea atanitetea. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, mwisho kwa mabega. Akaniuliza kwani wanaume wakienda msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mfongo, nilidhani wanasafisha nini. Wanazoa tope, akasema, tope la kufika magotini, kila mwaka, na kila mwaka linarudi.

Sikumwamini. Nikachota maji ya mfongo kwenye chupa ya jamu, angavu kabisa, nikaiweka dirishani. Asubuhi nikaenda kuitazama kabla hata ya kuwasha moto. Juu maji yalikuwa safi. Chini kulikuwa na utando wa kahawia, mwembamba kama kucha. Niliitikisa ukapotea, nikangoja, ukarudi. Nilikaa pale dirishani naitikisa na kuungoja kama mtoto, na badala ya aibu nikahisi furaha ya ajabu. Nilikuwa nimeshika ugonjwa mkononi. Kitu ukikishika mkononi unaweza kukipiga.

Nilirudi karakana na ile chupa. Nilimwamkia fundi mara mbili, ya salamu na ya msamaha, akaipokea chupa akaitazama juani, akaipanga dirishani pake kati ya makopo ya misumari. Hatukuongea tena kuhusu jaruba.

Alizibua rejeta kijia kwa kijia kwa ukanda mwembamba wa chuma, siku nzima. Kisha akauliza themostati iko wapi. Nikamwambia kwa fahari kwamba tulishaitoa zamani, fundi mmoja wa barabarani alituambia inazuia maji, ukiitoa gari linapoa. Akashika kilemba kwa mikono miwili. Alinichorea kwenye vumbi la boneti. Kwenye injini kama hii maji yana njia mbili, akaeleza: moja fupi, inarudi moja kwa moja kwenye injini bila kupoa, na moja ndefu inayopita kwenye rejeta. Themostati inakaa njia panda. Injini ikiwa baridi inafunga njia ndefu. Ikipata moto inafungua ndefu na kuziba fupi. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi, na maji mengi yanapita huko huko.

Nikamwambia, "Kumbe ni mlango wa mfongo."

Sasa ikawa zamu yake kutoelewa. Alikuwa ameishi chini ya mlima miaka yake yote na hakuwahi kuona maji yakigawanywa. Nikachora mimi. Mfongo mkubwa, tawi la kwenda kwako, tawi la kwenda kwa jirani. Ukitaka maji yapande kwako kwenye shamba la mbali haitoshi kufungua tawi lako, lazima uzibe la jirani, maana maji yakipewa njia rahisi hayatafuti ngumu. Wanawake tunajua kuziba huko kuliko mtu yeyote, kwa jiwe, kwa nyasi, kwa gogo la mgomba. Fundi akacheka, akasema angejua hivyo angeacha kuwaeleza wateja kwa Kiingereza. Akaweka themostati mpya, akabadilisha kifuniko kilichokuwa kimekufa raba, akajaza maji ya mvua yaliyochanganywa na ile dawa ya kijani ya rejeta. Akanionya: kuanzia leo tone la mfongo lisiingie humu.

Nilipanda nikiimba. Kwenye kona ya kunywesha mshale ulikuwa umepita katikati lakini haujafika ukutani, na sikusimama. Nilipofika mpando wa mwisho chini ya kanisa ukaanza tena kutambaa, nikasimama, nikangoja. Nilikuwa na tita moja tu la majani. Na mzigo kamili je?

Nililala nikifikiria ule mchoro wa vumbi. Asubuhi, nikimtazama mama mkwe akipepeta maharage uani, ungo unapanda, pumba zinakwenda na upepo, likanijia wazo lililonifanya niache chai. Kama maji yanachagua njia rahisi, upepo je? Feni iko pale kuvuta upepo upite kwenye rejeta. Nani amehakikisha kwamba unapita?

Nikawasha pikapu, nikafunga boneti, nikamwomba mama aje na ungo wake. Aliniuliza kama nimechanganyikiwa, lakini alikuja. Nikakanyaga mafuta, yeye akarusha pumba mbele ya gari. Za katikati zilivutwa zikagandia kwenye wavu wa mbele kama zimepakwa gundi. Akarusha pembeni. Za pembeni zikarudi. Zilirushwa nje, zikamrudia usoni, na upepo uliozirudisha ulikuwa wa moto. Tulirudia upande wa pili, zikarudi vile vile. Kati ya rejeta na bodi kulikuwa na mianya ya kuingiza mkono, na feni ilikuwa uchi, bila kile kizingo cha kuizunguka ambacho bila shaka kilivunjika kabla gari halijavuka bahari. Upepo uliokwisha kupata moto ulikuwa unazunguka kwa pembeni, unarudi mbele, unaingia tena. Injini ilikuwa inapulizwa kwa pumzi yake yenyewe.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia kwenye migomba. Mama mkwe alipangusa pumba kwenye nyusi, akasema jambo moja tu: "Basi mfongo wako unavuja."

Juma lile lilikuwa tamu kuliko Krismasi. Fundi alikata debe la mafuta ya kula, akalizungusha kuwa kizingo cha feni, akalifunga kwa ribiti nyuma ya rejeta. Mimi nilikata tyubu kuukuu ya tairi nikaziba mianya ya pembeni. Mbele tukaweka wavu wa waya uliotoka kwenye kichanja chetu cha kuanikia kahawa, kwani bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na vichanja vilikuwa vimesimama bure nyuma ya nyumba. Wavu ule ulizuia nyasi zisifike kwenye rejeta, na ulikuwa wa kuchomoa, nikawa naupiga kwa ufagio kila safari. Na sikufunga tena tita hata moja mbele ya bampa. Fundi alinihesabia hilo kama matengenezo makubwa kuliko yote.

Siku ya mzigo kamili ilikuwa katikati ya kiangazi, tambarare inawaka. Nilimwomba mama mkwe tushuke wote. Alikubali, ila alikuja na ngata yake, ile ya majani makavu ya mgomba iliyosokotwa na kipande cha kanga, iliyobonyea umbo la kichwa chake kwa miaka. Nilimuuliza ya nini. Akajibu kwamba gari hili analifahamu.

Tulijaza mabua mpaka springi zikalala. Tulianza kupanda saa ya jua kali, yeye ameketi karibu nami, ngata mapajani, macho kwenye mshale badala ya barabara. Hakuweza kugeuza shingo kuniona, kwa hiyo alizungumza na mshale. Mimi mikono ilikuwa inateleza kwenye usukani kwa jasho. Kona ya kunywesha ilipotokea, palikuwa na magari matatu yamefunguliwa vinywa, mvuke unapaa, na madereva waliponiona wakaanza kusogeza ndoo ili nipate nafasi. Mmoja alikuwa ameshachota. Niliweka gia ya pili, nikawapita. Nilitoa vigelegele peke yangu ndani ya lile gari, virefu, nikamwona kwenye kioo yule mwenye ndoo amesimama nayo katikati ya barabara, hajui amwage wapi.

Tukapita kanisani. Tukapita kwa jirani. Tukaingia kihambani bila kusimama, na injini ikazimwa na mimi, kwa hiari yangu, kwa ufunguo.

Nilitaka kumkumbatia mama mkwe lakini alikuwa bado anatazama mshale.

"Umepita katikati kidogo," akasema. "Kwa nini?"

Nikashuka nikamwonyesha. Chini, upande wa dereva, kulikuwa na mwanya mmoja ambao tyubu haikutosha kuuziba. Nikamwambia si neno, nitaomba kipande kingine cha tyubu mjini. Aliinama na mwili wake wote, kwa kuwa shingo haikuinama, akaweka kiganja penye mwanya, akahisi joto linalotoka. Kisha akanyoosha mkono mwingine, wenye ngata.

"Ziba na hii."

Nikamwambia, mama, hii utaihitaji.

"Ya kubebea nini?"

Nikapiga magoti mbele ya pikapu, nikaisokomeza ngata kwenye ule mwanya mpaka ikakaa imara, kanga ikichungulia nje kidogo, na nikabaki nimeinamisha uso pale kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone. Sikuhitaji kuhangaika. Alikuwa ameshavuta bua la kwanza kwenye mzigo, kwa mkono, anakwenda bandani kumwambia ng'ombe kwamba chakula kimefika.